Matone ya Mchana wa Ramadhani

Tangu alipopasuliwa uvimbe nyuma ya sikio huko Dar es Salaam, Lukumani, mshona kanzu wa Ipuli, hakuweza tena kulifumba jicho lake la kulia. Mshipa wa uso ulikwenda pamoja na uvimbe. Shavu likalegea, mdomo ukapinda, na ukope ukasimama kama pazia lililokwama. Jicho la kushoto lilichukuliwa na surua akiwa mtoto. Hilo kavu, lisilofumba, ndilo pekee alilobakiwa nalo la kushonea na la kusomea msahafu.

Daktari alimvika juu ya mboni kigozi laini, chembamba kama ganda la kitunguu, akakiita lenzi.

"Kitalikinga jicho na upepo," alimwambia, "lakini kisikauke. Tia matone kila saa. Ukihisi uchungu kooni usishtuke. Kuna kijia kitokacho jichoni, kikapita puani, kikashuka kooni."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomponza. Ramadhani ya mwaka wa sabini na nne iliingia wakati wa kiangazi kikali. Watu walikuwa wakihamishiwa vijiji vipya, na malori yalipita njia ya zamani ya misafara mbele ya nyumba yake, yakitimua vumbi hadi barazani. Siku ya kwanza Lukumani alitia dawa asubuhi, akauonja uchungu wake kooni, akakifunga kichupa. Toka hapo hakutia tena ila baada ya magharibi.

Sheikh Mfaume, aliyesoma naye chuoni utotoni, alikuja kumkemea.

"Wewe fundi wa kanzu, umeanza lini kushona na sheria? Jicho si tundu lililo wazi. Ladha ya kooni haitengui saumu. Tulisomeshwa pamoja, au siku hiyo ulikuwa umesinzia?"

"Walioandika vile vitabu hawakuambiwa habari ya kijia. Mimi nimeambiwa."

"Basi kama una shaka, shika ruhusa ya mgonjwa. Kula, unywe."

Lukumani alijipangusa mate pembeni mwa mdomo. "Mgonjwa hula, akalipa akipona. Mimi nitalipa lini, Mfaume?"

"Asiyetarajiwa kupona hulisha maskini," Sheikh alisema kwa upole.

"Hilo ndilo nisilotaka kulikubali."

Akaigeukia cherehani yake. Kufunga ndiko kulikobaki kumfanya ajione mzima. Akiacha kufunga, uso ule atakuwa ameupokea mpaka kaburini.

Mwezi ulipofika katikati, alasiri moja sindano ilimpotea machoni, kisha uzi, kisha nguo yenyewe. Jicho likawaka kama lililotiwa pilipili. Akapapasa hadi chumbani, akajaribu kukitoa kile kigozi, hakikusogea. Zamda, mkewe, alimkuta akikikwangua kwa ukucha.

"Baba Mwamvita, toa mkono."

"Kimeganda."

"Ukikibandua kikavu utaondoka na jicho lako. Lala nikutie dawa."

"Jua bado liko juu, Zamda."

"Na ukishapofuka, utalijuaje limekuchwa?"

Lukumani akajilaza mkekani, akauelekeza uso wake juu.

Matone yalianguka. Uchungu ukapita puani, ukashuka kooni mchana kweupe, naye akaumeza. Jicho lililomuuma halikuwa na chozi. Chozi lilitoka katika lile la kushoto, lisiloona. Zamda aliongeza dawa, akangoja, akaongeza tena, mpaka kigozi kikalainika, akakitelezesha nje kwa ncha ya kidole.

Lukumani aligeukia dirishani. Mwanga ulikuwapo, mweupe, mzito kama maziwa. Fremu ya dirisha haikuwamo ndani yake, wala mkono aliouinua mbele ya uso wake.

"Unaona?" Zamda aliuliza.

"Naona mwanga."

"Na mimi je?"

Alimtafuta kwa upande sauti ilikotoka, akakosa hata kivuli.

"Tia tena," alisema.

Zamda akatia.

"Tia tena, Mama Mwamvita. Usingoje magharibi."