Rangi Nyekundu Chini ya Bati

Kila Februari, kabla mvua haijaanza, marehemu mume wangu Wabuge alikuwa akipanda juu ya nyumba yetu hapa Kapsoya, nami namshikia ngazi huku nikimtukana kwa mapenzi.

"Ukianguka sikuziki! Nitakuacha hapo uwe mbolea ya sukuma wiki."

"Shika ngazi, Kavetsa. Mdomo hauzuii mtu kuanguka."

Aligonga misumari iliyolegea, akatoa majani kwenye gata la maji ya mvua, akakata matawi yaliyoegemea paa. Akimaliza, anapenya tundu la dari na kopo la rangi nyekundu, anaandika chini ya bati moja, lilelile kila mwaka, alichotengeneza. Nikamwambia huko wasomaji wake ni panya tu.

"Panya pia ni wapangaji," akasema.

Nilicheka, lakini nilijua kilichomsumbua. Mwaka tuliooana, upepo ulituezulia paa kule Turbo, tukaishi mwezi mzima chini ya turubai la kuanikia mahindi. Ndiyo maana alikata bima ya nyumba, na alipofariki sikuiacha. Ngazi pia nilipanda mwenyewe, Kinuthia jirani akinishikia.

Aprili mwaka jana, mvua ya mawe ikaja na upepo wake. Nilizima swichi kubwa ya stima, nikajibanza kwenye korido mbali na madirisha, nikasikia nusu ya paa ikienda zake. Simu yangu ikanywa maji ikazima. Nikaazima ya jirani mwingine, nikapigia kampuni ya bima. Wakasema mkaguzi atakuja kesho kutwa, nipige picha, nisitengeneze kitu kabla hajaona. Picha nitapiga na nini? Nikaenda kulala kwa dada yangu kule Sugoi, na kwa akili zangu zote sikumwambia mtu habari za mkaguzi.

Niliporudi, paa lilikuwa linang'aa. Kinuthia alikuwa amefungua duka lake la vifaa vya ujenzi, akatoa mabati, na watu wa kanisa wakagongelea siku nzima. Huku kwetu, nani ataacha nyumba ya mjane wazi?

"Mama Ronnie, unalia furaha?" Kinuthia akauliza.

"Ninalia bima, Baba Njeri! Mmepigilia ushahidi wangu misumari!"

Uso ukamshuka. Mabati yale ndiyo yalikuwa mali yake ya msimu mzima.

Mkaguzi alikuwa msichana mpole, Akumu. Alitazama juu kwa muda mrefu.

"Mama, dari imeharibika, naona. Lakini hilo ni paa zuri sana. Nitajuaje la zamani lilitunzwa, halikuwa limeoza?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. "Baba Njeri, mabati ya zamani yako wapi?"

Kinuthia akajikuna kichwa. "Nimejengea kuku."

Basi tukainama wote watatu ndani ya banda, kuku wakilalamika. Juu yetu, bati la Wabuge lilikuwa limejaa mashimo ya mawe, kipande cha mbao kimening'inia kwenye msumari. Akumu akamulika na simu, akasoma kwa sauti:

"2014, misumari minne mipya. 2017, gata safi. 2019, matawi yamekatwa. Kavetsa ananitukana huko chini."

Mimi nilijifanya kuku amenidonoa.

Alipiga picha za kila mstari na kila shimo. "Siku nyingine, Mama, azima simu upige picha kwanza," akasema, "na umwambie jirani."

Barua ilikuja baada ya wiki sita: wamekubali kulipa, paa na dari. Kinuthia, kwa kuwa sasa mabati yake yatalipwa, alicheza nje ya duka lake, vibaya sana.

Bati lile niliwaachia kuku wake, kwa sharti Kinuthia asilipake rangi. Februari iliyopita nikapanda, nikagonga, nikapenya tundu la dari na kopo lilelile. Nikaandika chini ya bati jipya:

"Paa liko sawa. Kinuthia ameshika ngazi. Hajui kutukana."