Uvimbe Upi?

Mume wangu ni seremala, na ukimpa neno moja la kumfurahisha atalipigilia msumari lisitoke. Miaka ile alipokuwa akienda msalani kila mara na kurudi akiguna, daktari alimwambia, "Ni uvimbe tu kwenye tezi dume, si saratani." Akapewa vidonge. Maumivu yakapungua, yakarudi, yakapungua tena. Miaka ikapita hivyo, naye ameishikilia ile "tu".

Mwezi uliopita kipimo cha damu hakikuwa kizuri, wakamtoa vinyama vya tezi wakavipeleka maabara. Nesi akanipigia simu: majibu yanaonyesha uvimbe, mzee aje haraka. Nikaenda karakana kumwambia.

"Uvimbe?" akasema, wala hakuweka randa chini. "Huo tunafahamiana. Nitaenda nikimaliza hii milango."

"Wamesema haraka."

"Haraka haraka haina baraka, mama watoto."

Hapo nikavimba mimi. Nilimwambia methali hiyo akamsomee mwenye milango. Alipoenda kunawa nikaichukua randa, nikaificha kwenye ndoo ya unga. Fundi bila randa hana kisingizio, kwa hiyo asubuhi tulikuwa hospitali, yeye kanuna.

Daktari, msichana wa rika la binti yetu, akafungua majibu. "Mzee, ule uvimbe wa zamani bado upo. Sasa huu uvimbe mwingine..."

"Subiri, mwanangu," nikamkatiza. "Upi ni upi? Huyu kwake uvimbe ni ule wa vidonge."

Akaweka kalamu. "Sawa, mama. Wa zamani ni tezi kuwaka moto kwa ndani na kuvimba, mwili unapambana na kitu. Huu mwingine ni saratani."

Mume wangu akatazama viganja vyake. "Ule ndio umezaa huu?"

"Kwako siwezi kuapa. Ila mahali pakiwaka miaka mingi, seli zinaumia, zinajirekebisha, zinaumia tena. Katika kujirekebisha huko zinaweza kukosea."

"Kama mlango unaotengenezwa kila mwaka," akasema. "Siku moja unapigilia pabaya."

"Ndiyo, mzee. Lakini saratani haijatoka nje ya tezi. Tutakupa mionzi. Nayo inaweza kuleta uvimbe kidogo kwenye kibofu..."

"Upi tena?" tukauliza kwa pamoja. Daktari akacheka, na sisi tukacheka, mimi machozi yakinitoka.

Tulipokuwa kwenye foleni ya dawa, binti yetu akapiga simu. "Mama, wamesemaje?"

Mimi niliyekuwa mkali tangu jana, niliogopa. Sauti yake tu ilinimaliza.

"Ni uvimbe tu, mwanangu."

Mume wangu akaninyang'anya simu.

"Ni saratani," akamwambia. "Dawa yake ipo, naanza matibabu. Njoo nyumbani. Na ukifika, mwambie mama yako anirudishie randa yangu."