Mashine Iliyojifunza Kuaga

Shangazi yangu haruhusu mtu atoke kwake bila kuaga. Ukijaribu kuchomoka kimyakimya, utaitwa ukiwa getini, urudi, ukae, kisha uage upya kama binadamu. Ndiyo maana hadi leo nacheka nikikumbuka alichokuwa akiitendea cherehani yake.

Si cherehani ya kawaida. Ni kubwa, ya kudarizi, inaongozwa na kompyuta, na programu inayoiongoza niliiandika mimi. Shangazi amedarizi kwa mkono tangu ujana wake, na sasa macho yamechoka. Akishindwa kutunga uzi kwenye sindano husingizia mwanga. Daktari alimwambia wazi kwamba asipoyapumzisha, atayapoteza. Mashine ndiyo ingempumzisha, lakini mashine ilikuwa inatutia aibu.

Mchana ilidarizi vizuri ajabu. Asubuhi, ukiiwasha tu, fremu inayoshika kitambaa ilisogea kutafuta pa kuanzia huku sindano ingali imezama kwenye nguo. Kraa! Tukaharibu foronya, tukaharibu kitambaa cha meza, kisha shuka la bibi harusi likachanika katikati ya ua. Bibi harusi mwenyewe hakugomba. Alilia tu, na heri angegomba.

"Mwanangu," shangazi akaniambia bibi harusi alipoondoka, "nanunua shuka jingine. Na hilo nalo likichanika, namwita yule fundi wa mashine chakavu aje aibebe. Narudi kwenye sindano yangu ya mkono."

"Na macho je?"

"Macho ni yangu."

Nilipandwa na hasira, tena za mtu asiyejua amkasirikie nani. Programu yangu nilikuwa naijua. Niliiagiza kazi ndogondogo za kufanya kila inapofika mwisho wake kwa utaratibu: ikate uzi, iinue sindano, iweke kwenye kumbukumbu mshono ulipofikia, ndipo ifunge. Nilipoijaribu mwenyewe ilizifanya zote bila kukosa hata moja. Nikaanza kuwashuku panya.

Jioni ya siku tuliyoanza shuka jipya niliondoka mapema kama kawaida yangu, kwenda kufundisha darasa la jioni. Nilikuwa nimefika kona nilipokumbuka mwavuli. Nikarudi, na kutoka mlangoni nikamwona shangazi akifunga duka lake la kudarizi. Alikuwa ameshafagia na kufunika vitambaa. Mashine ilikuwa imesimama katikati ya jani la ua, sindano ndani ya shuka. Akainama chini ya meza, akashika plagi.

"Shangazi, usichomoe!"

Akajigonga kichwa kwenye meza. "Mtoto wewe, unataka kuniua?"

"Ndivyo unavyoifunga kila siku?"

"Kwani inafungwaje? Ukichomoa, imezimika. Kuna ufundi gani hapo?"

"Hiyo si kuifunga, hiyo ni kuikaba roho! Zile kazi za mwisho inazifanya ikimaliza yenyewe. Ukiikatia umeme ghafla, haipati hata nafasi ya kuinua sindano. Wewe unayetuita getini turudi tuage, mashine ya watu unaifukuza kabla haijaaga!"

Nilidhani atacheka. Badala yake akaketi kwenye kiti cha wateja, akaitazama pasi yake ya kunyooshea vitambaa. Pasi, taa na mashine vyote vilichomekwa kwenye waya mmoja wenye soketi kadhaa, ule ambao plagi yake alikuwa ameishika.

"Duka langu la kwanza liliungua kwa pasi," akasema. "Niliondoka nikiamini nimeizima. Tangu hapo siamini kitufe chochote. Naamini plagi iliyo mkononi mwangu."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hasira zikaniisha zote, nikabaki na huruma tu. Nikawapigia simu wanafunzi wangu, nikawaambia leo hakuna darasa.

"Bonyeza hapa," nikamwonyesha kitufe cha kufunga kwenye kioo cha kompyuta. "Leo tu. Plagi hiyo iache ukutani."

"Na pasi?"

"Pasi ichomoe, uende nayo nyumbani."

Nilikuwa natania. Yeye akaipoza, akaitia kwenye kikapu chake, akaifunika kwa kanga. Ndipo akabonyeza. Kisu kidogo kikakata uzi, sindano ikapanda taratibu hadi juu, kisha kioo kikawa cheusi. Shangazi akatazama kwa mdomo wazi.

"Kumbe ina adabu," akasema. Tukaondoka, yeye na kikapu cha pasi kwapani.

Asubuhi nilishindwa hata kunywa chai. Nikawasha mashine, shangazi akafumba macho. Fremu ikasogea bila kugusa kitu, ikarudi kwenye jani lilelile, sindano ikashuka ilipoachia, kazi ikaendelea. Jani lilipokamilika shangazi akapitisha kidole juu yake kutafuta kiungo cha jana na leo. Akatafuta wee, asikione. Akanikumbatia kwa nguvu, nami nikalia kama yule bibi harusi.

Shuka liliisha salama, na fundi wa mashine chakavu hakuitwa. Siku hizi mashine inadarizi, shangazi ameegemea kiti, macho ameyafumba, anaisikiliza tu.

Ila pasi iliendelea kwenda na kurudi kwenye kikapu hadi majirani wakauliza. Mwishowe nikaleta soketi inayozimwa na kompyuta, nikaichomeka pasi humo, nikaongeza kazi moja kwenye zile za kufunga: kuizima pasi. Shangazi akataka ifanyike mwisho kabisa, aione kwa macho yake. Kazi hizo hufanywa kinyumenyume, iliyoagizwa mwisho ndiyo hutangulia, kwa hiyo ya pasi niliiagiza kwanza. Ni kama nguo: uliyoanza kuvaa ndiyo unayomalizia kuvua.

Jioni hiyo akabonyeza. Uzi ukakatwa, sindano ikapanda, na mwisho taa nyekundu ya pasi ikazimika. Shangazi akasubiri kidogo, akaigusa pasi kwa ncha ya kidole, akachukua kikapu kitupu. Alipofika mlangoni akageuka.

"Haya mwanangu," akaiambia mashine, "tutaonana kesho."