Dakika Tisini na Tisa

Siku programu ya zamani ilipogoma kufunguka, Mzee Wastani aliigonga kompyuta ubavuni kama mtu anayegonga redio mbovu. Haikusaidia. Skrini ilimwandikia kistaarabu kabisa kwamba leseni imekwisha muda wake, awasiliane na msimamizi. Msimamizi alikuwa yeye mwenyewe.

Jina hilo la Wastani alipewa hapo ofisini, na lilikuwa limemkaa kuliko shati. Tangu ujana kazi yake ilikuwa moja: kuchukua majibu ya watu kwenye madodoso, kuyaingiza kwenye kompyuta na kutoa wastani wa hiki na wastani wa kile. Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba vichache tu juu ya duka la vifaa vya umeme, na ilifanya utafiti kwa yeyote aliyeuagiza. Safari hii mwagizaji alikuwa bodi ya afya ya mji.

Bodi ilitaka kujua wagonjwa wanasubiri kwa muda gani, toka wanapofika mlangoni hadi wanapohudumiwa, katika kila kituo cha afya. Kiini cha swali kila mtu alikijua. Vituo vyote vilishaacha kuzalisha na kuwapeleka akina mama hospitali kuu, isipokuwa kimoja kilichong'ang'ania chumba chake cha kujifungulia. Bodi ilishuku kwamba chumba hicho kinakula wahudumu na kuwaweka wagonjwa wengine foleni. Ikithibitika kwamba watu wanasubiri zaidi pale kuliko kwingine, chumba kingefungwa.

Na mkunga mkuu wa chumba hicho alikuwa shemeji yake Mzee Wastani, mdogo wa mke wake.

"Mzee, usiipige, haina kosa," alisema Kamanda kutoka meza ya pili. Kamanda alikuwa binti aliyeajiriwa karibuni. Walimwita hivyo kwa sababu hakupenda kushika kipanya; yeye aliiandikia kompyuta amri, mstari kwa mstari, nayo ikatii. "Programu ya bure ipo. Inafanya yote ya hiyo ya kulipia, na ya ziada."

"Ya bure naiogopa. Nani anaitengeneza? Anakula nini?"

"Walimu, watafiti. Kila mtu anaongeza kipande chake. Watu kama wewe."

"Watu kama mimi? Basi sasa naiogopa zaidi."

Hata hivyo hakuwa na ujanja. Mkurugenzi alishasema leseni ile haitalipiwa tena, na ripoti ilikuwa inangojwa. Kamanda akamfungulia programu mpya. Mzee Wastani aliitazama kwa muda. Alizoea menyu: unabofya hapa, unabofya pale, jibu linateremka. Hapa palikuwa na skrini tupu na kijistari kinachopepesa kama jicho.

"Mbona inanitazama tu?"

"Inasubiri uiamuru."

"Nyumbani kwangu siamuru, nije niamuru huku?"

Kamanda alicheka akavuta kiti. Bahati nzuri data zenyewe Mzee Wastani alikuwa ameshazitoa kwenye programu ya zamani kabla haijafungwa, zikawa jedwali la kawaida la namba, safu kwa safu. Binti aliliingiza jedwali, akaandika amri, na kabla mzee hajamaliza kufuta miwani yake majibu yalikuwa mbele yao. Vituo vingine, watu walisubiri kama nusu saa hivi. Kituo chenye chumba cha kujifungulia, zaidi ya saa nzima.

Mzee Wastani alisoma mara mbili. Lakini namba ni namba, na yeye hakuwa mtu wa kubishana nazo kwa sababu ya shemeji. Aliandika ripoti kama ilivyo. Mkurugenzi aliipenda, kwa kuwa tofauti ilionekana hata kwa kipofu, na jioni ileile akaituma kwa wajumbe wote wa bodi.

Jumapili shemeji alikuja kuwatembelea, kama kawaida yake. Alivua viatu mlangoni, akaweka miguu juu ya stuli bila kuomba ruhusa, maana kusimama kutwa kulimvimbisha vifundo, na akaanza kuwatania wote waliokuwemo.

"Shem, umenenepa. Hizo namba mnazikaanga?"

"Wewe ndiye umekonda," alijibu Mzee Wastani. "Watoto wa watu wanakumaliza."

"Bora mimi namalizwa na watoto. Wewe unamalizwa na kiti." Kisha sauti yake ikatulia. "Utafiti umetoka?"

"Umetoka."

"Na chumba changu?"

Mzee Wastani alinyanyua glasi ya maji, akanywa, akaiweka. "Siwezi kusema kabla bodi haijakaa. Unajua."

"Najua. Ila uso wako hauna siri, shem. Umeshasema."

Mke wake aliyekuwa akikunja nguo aliacha kukunja. Shemeji hakulia wala hakubembeleza. Hakuwa wa aina hiyo. Alijikanda kifundo cha mguu.

"Sikuombi unipendelee," alisema. "Nakuomba tu uwe na hakika. Wale akina mama wakianza uchungu, hospitali kuu ni mbali. Wengine watazalia njiani. Hilo ndilo linaninyima usingizi, si kazi yangu. Kazi nitapata."

"Nina hakika," alisema Mzee Wastani, na papo hapo akajiuliza kama kweli anayo.

Shemeji aliona hewa imekuwa nzito, akaamua kuipasua. "Hebu niwachekeshe. Yule kijana wenu wa madodoso si alikuja wodini? Akamkuta mama ametoka kujifungua mapacha, hata jasho halijakauka. Anamwuliza, 'Mama, ulisubiri dakika ngapi kabla ya kuhudumiwa?' Yule mama akamtazama, akamwonyesha wale watoto. Akamwambia, 'Waulize hawa, wao ndio walikuwa na haraka.'"

Walicheka mpaka mke wake akakaa chini juu ya nguo alizokwisha kunja. Mzee Wastani naye alicheka sana. Lakini kicheko kilipoisha, kitu kidogo kilibaki kinamkera, kama chembe ya mchanga kwenye soksi. Yule mama hakutoa jibu. Sasa kijana aliandika nini?

Kesho yake alifika ofisini akamkuta Kamanda anafuta vumbi kwenye skrini yake.

"Hiyo programu yako inajua kuchora?"

"Kuchora ndiyo sifa yake."

"Nichoree kituo kile. Waliosubiri kidogo upande huu, waliosubiri sana upande ule, na nguzo zionyeshe ni wangapi."

Binti aliandika mstari mmoja. Picha ikatokea: nguzo fupi na ndefu zikipanda na kushuka kama kichuguu, katikati ya kichuguu ikiwa kwenye nusu saa. Halafu pakawa na uwazi. Halafu, mbali kabisa upande wa kulia, ikasimama nguzo moja peke yake, ndefu kuliko zote.

"Hii imetoka wapi?" Kamanda alisogeza uso karibu. "Dakika tisini na tisa. Wote hawa walisubiri dakika tisini na tisa kamili? Hakuna wa mia moja, hakuna wa tisini?"

Mzee Wastani alikaa. Hakuhitaji kuambiwa. Ile tisini na tisa ilikuwa yake mwenyewe, aliizaa yeye. Zamani, alipokuwa akibuni madodoso yake ya kwanza, aliwaagiza wadodosaji: mtu akisema hajui, usiache wazi, andika tisini na tisa. Kisha akaiambia programu ya zamani: ukiiona hii usiihesabu, si jibu. Aliiambia mara moja tu. Kila utafiti mpya aliuanza kwa kunakili faili la utafiti uliopita, na lile agizo likawa linasafiri humo kimyakimya, mwaka baada ya mwaka, mpaka akasahau kwamba aliwahi kulitoa. Jedwali la kawaida lilibeba namba zote. Agizo halikulibeba.

Lingekuwa swali la idadi ya watoto, kosa lingepiga kelele. Hakuna mama wa watoto tisini na tisa. Lakini dakika! Mtu husubiri dakika hizo na zaidi. Ile namba ilikaa katikati ya wenzake kama mtu asiyealikwa arusini ila amevaa vizuri, na hakuna aliyemwuliza kadi.

"Ni 'sijui' hizi," alisema. "Waliosema hawajui. Vituo vingine ni wachache, mtu amekaa kwenye benchi anatazama saa ya ukutani. Pale tuliwauliza pia wanawake waliotoka kuzaa. Nani anatazama saa na uchungu umemshika?"

Kamanda alishika kichwa. "Mzee! Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje kitu nilichosahau kwamba nakijua?"

"Na mimi nilifundishwa nichore kwanza ndipo nihesabu. Nikakimbilia jibu nikuonyeshe ilivyo ya haraka." Alipumua. "Tumelikoroga wote wawili."

Aliongeza mstari mmoja wa amri: tisini na tisa ihesabiwe kuwa hakuna jibu. Akaendesha upya. Kituo chenye chumba cha kujifungulia kilitoka nusu saa na ushee, sawa na vingine.

Furaha ya Mzee Wastani haikudumu. Ripoti ilikuwa mikononi mwa bodi. Na mji mzima ulijua mkunga yule ni nani kwake. Leo aibuke aseme samahani, nimehesabu tena, kituo cha shemeji yangu kiko sawa? Watasema amepika takwimu. Wangekuwa na haki ya kusema. Yeye mwenyewe angesikia hivyo kwa mtu mwingine angesema. Angeweza kunyamaza. Hakuna mjumbe ambaye angefungua jedwali. Nguzo ile ingebaki siri yake na ya binti, na chumba kingefungwa kwa ripoti yenye jina lake.

Alikunywa chai yake ikiwa imepoa, akafikiri kuhusu menyu zake. Kwa programu ya zamani angebofya, jibu lingebadilika, na hakuna ambaye angejua alibofya nini. Mkono hauachi alama. Huku kila kitu kilikuwa kimeandikwa.

"Kamanda, hizo amri zako zinabaki?"

"Zote. Kuanzia ya kwanza. Mtu yeyote akizichukua na lile jedwali, anapata jibu lilelile."

"Basi mimi siigusi tena kompyuta hii mpaka bodi ikae. Utakwenda nayo wewe."

Bodi ilikaa kwenye ukumbi wa manispaa, feni ikizunguka bila bidii. Mzee Wastani alisimama kabla hajaitwa.

"Ripoti mliyonayo ina kosa, na kosa ni langu," alisema. Akaeleza, bila kupamba, habari ya tisini na tisa.

Mhasibu wa bodi, mama mwenye miwani inayoning'inia kwa mnyororo, alimsikiliza mpaka mwisho. "Mzee, samahani. Mkunga wa pale si shemeji yako?"

"Ni shemeji yangu. Jumapili alikuwa kwangu, miguu juu ya stuli yangu."

Wajumbe wengine waliangua kicheko. Mhasibu hakucheka. "Sasa tukuamini vipi?"

"Msiniamini. Njoo ukae hapa ufanye mwenyewe."

Kamanda alimpisha kiti. Mhasibu alivaa miwani yake, akasoma amri moja moja huku binti akimweleza kila mstari unafanya nini. Alipoufikia ule wa tisini na tisa aliufuta. Akaendesha: saa nzima na zaidi. Akaurudisha. Akaendesha: nusu saa na ushee. Akaufuta tena, akaurudisha tena, kama mtoto anayechezea swichi ya taa.

"Mstari mmoja tu huu ndio umeleta yote haya?"

"Mmoja tu, mama," alisema Kamanda.

Daktari wa hospitali kuu aliyekaa mwisho wa meza aliinua kalamu. "Na kama hao wasiojua ndio waliosubiri kuliko wote?"

Lilikuwa swali la haki, na Mzee Wastani alikuwa amelala nalo. "Inawezekana. Inawezekana pia walipokelewa mlangoni. Hawakutujibu, daktari, na mimi siwezi kuwajibia. Nilishawajibia mara moja, mmeona nilichofanya."

Mwenyekiti alifunga jalada lake. "Hatufungi chumba kwa jibu ambalo hatuna," alisema. "Chumba kibaki. Na kuanzia sasa anayefika na uchungu, muda wake auandike mpokezi mlangoni, asiulizwe yeye." Wakaenda kwenye ajenda nyingine, ya paa linalovuja.

Jumapili iliyofuata shemeji alikuja, akavua viatu, akaivuta stuli.

"Nimesikia," alisema. "Asante, shem."

"Usinishukuru. Nusura nikufungie chumba."

"Hilo nalo nimesikia. Nitakudai stuli mpya." Akageuza kichwa. "Lakini hebu niambie. Kweli kituo chetu kimetoka sawa na vingine? Hatukuwapita hata kidogo?"

"Mko sawasawa. Wastani."

"Wastani tu? Na miguu yote hii?"

Mke wake Mzee Wastani alicheka hadi akaegemea mlango. Mzee Wastani alichukua mto kwenye kochi, akaukung'uta, akauweka juu ya stuli, chini ya vifundo vilivyovimba.

"Wastani, shemeji," alisema. "Jizoeze. Mimi hilo ndilo jina langu."