Vishimo Kumi na Tisa katika Kidau cha Chumvi

Nimeishi Groenhof, mjini Haarlem, tangu mwaka 1958. Ni nyumba za wajane na wanawake wasioolewa: milango minane iliyozunguka ua mmoja wenye pampu ya maji. Kabla ya hapo nilifundisha kemia kwa miaka thelathini na mmoja, na wenzangu hapa wananiita Mwalimu mpaka leo.

Mali yetu ya thamani ni moja tu: kidau cha chumvi cha fedha kilichofuliwa mwaka 1651, kirefu kama shubiri, na juu yake kibakuli chenye upana wa kiganja cha mtoto. Enzi hizo, katika nyumba za wakubwa, chombo kama hicho kiliwekwa mbele ya mwenye nyumba, na heshima ya mgeni ilipimwa kwa umbali wake kutoka kwenye chumvi. Mwanzilishi wetu, mfanyabiashara wa kitani, hakutaka hivyo. Aliandika katika wasia wake kwamba kila tarehe kumi na moja Novemba wadhamini na wakazi wale meza moja, na chumvi ikae katikati kabisa, asiwepo wa kunyoosha mkono zaidi ya mwenzake. Tunapima kwa kamba.

Aliandika pia kwamba mama wa nyumba, yaani mkazi anayeshika funguo na kuwauguza wagonjwa, akikiharibu kidau hicho kwa mkono wake, ataondoka kabla ya Krismasi.

Mwaka 1962 mama wa nyumba alikuwa Trijn Bakels, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, mjane wa mlinzi wa daraja. Siku tatu kabla ya karamu aligonga dirisha langu.

"Mwalimu, njoo mara moja. Na usimwite Aaltje."

Aaltje Spruit ni jirani yangu wa kushoto. Jambo likimfikia asubuhi, mchana limeshafika kwa muuza maziwa.

Jikoni kwa Trijn sanduku la kidau lilikuwa wazi mezani. Kibakuli kilikuwa bado na chumvi ya mwaka 1961, imegandamana kama jiwe. Niliilowesha kwa maji ya vuguvugu, nikaitoa kidogo kidogo kwa kijiti. Chini yake fedha ilikuwa na mabaka ya kijivu yanayoelekea zambarau, na vishimo. Nilihesabu kumi na tisa. Chumvi yenye unyevu hula fedha; ndiyo maana desturi yetu ni kuimwaga mara watu wanapoinuka mezani, kukiosha kibakuli na kukikausha kwa ngozi laini.

"Itatoka nikisugua?" Trijn aliuliza.

"Mabaka, labda. Vishimo, hapana. Fedha iliyoliwa hairudi."

"Basi tutakijaza chumvi mpaka juu. Bwana Rogge wa wadhamini hataona kitu."

"Rogge ni mwanasheria wa mirathi, Trijn. Kazi yake ni kuona vitu vilivyofunikwa. Na chumvi mpya itaendelea kula."

Alivuta kiti, akakaa.

"Ilikuwaje usiimwage?"

"Nilisahau."

"Umeshika funguo miaka kumi na miwili. Hujasahau hata kufunga lango."

"Nimezeeka. Acha kunihoji kama mtoto aliyevunja kioo cha darasa."

Sikuhitaji kumhoji zaidi. Tarehe kumi na moja Novemba 1961, saa tisa alasiri, sahani zikiwa zinaondolewa, nilianguka kutoka kwenye kiti changu. Kilikuwa kichomi cha mapafu yote mawili. Barua ya daktari ninayo. Daktari ndiye aliyenieleza kwamba Trijn alinidaka kichwa kabla hakijagonga sakafu, na kwamba hakutoka chumbani kwangu kwa siku tisa. Mimi sikumbuki kitu hadi siku ya sita. Nilipopona nilimpelekea keki. Sikuwahi kujiuliza aliacha nini mezani.

"Ulikuwa kwangu," nilisema.

"Nani kakwambia?"

"Kalenda."

"Niliporudi siku ya kumi, nilikuta sanduku limefungwa, liko kabatini. Nikaamini mtu kashaimwaga. Nilipaswa kulifungua niangalie. Sikuangalia. Basi kosa ni langu."

"Na sababu utamwambia Rogge?"

"Nimwambie nini? Kwamba Mwalimu ndiye aliyekula kidau cha mwanzilishi? Wewe una miaka minne tu hapa. Watakunyooshea kidole mpaka ufe."

"Ukiondoka utakwenda wapi?"

"Velsen kuna makao ya wazee. Vitanda sita chumba kimoja. Nitapata wa kuongea naye."

"Sitadanganya, Trijn."

"Sikuombi udanganye. Nakuomba ukae kimya tu."

Sikumjibu. Jioni ile niliandika karatasi moja: tarehe, saa, majina ya watu kumi na mmoja waliokuwa mezani, na kila mmoja alikuwa akifanya nini kabla sijaanguka.

Siku ya karamu tulikula ukumbini, kama kawaida, supu nzito ya njegere na soseji. Chumvi ya kula ilikuwa kwenye kisahani, kwa sababu nilimkatalia Trijn kukijaza kidau. Kabla ya kula, desturi ni mwenyekiti wa wadhamini kukinyanyua na kutazama ndani. Bwana Rogge alikinyanyua, akavaa miwani, akatazama kwa muda mrefu. Supu ilianza kupata ngozi juu.

"Nani amefanya hivi?"

Trijn alisimama. "Mimi, Bwana. Funguo nitakukabidhi baada ya chakula."

Nami nikasimama na karatasi yangu.

"Kaa chini, Mwalimu," Trijn aliniambia kwa sauti ya chini. "Tulielewana."

"Hatukuelewana. Wewe uliomba, mimi sikujibu." Nilisoma kila mstari, bila kuongeza neno. Nilipomaliza nilimwambia Rogge: "Saa tisa alasiri Bi Bakels alikuwa amenishika kichwa. Asingenishika, leo msingekuwa na mtu wa kuwasomea haya. Yeye ni mkazi mmoja kati ya wanane. Wengine wote waliokuwa mezani walikuwa na mikono miwili huru, nanyi wadhamini watatu mkiwamo."

"Sisi tulikuwa tunavaa makoti," alisema mdhamini mmoja.

"Nimeandika hivyo."

Rogge aliichukua karatasi, akaisoma mwenyewe mara mbili. "Wasia unasema kwa mkono wake. Nani alikitia sandukuni?"

Aaltje akaweka kijiko chini.

"Mimi! Kwa mikono yangu hii miwili. Tulipomlaza Mwalimu nilirudi kusafisha meza, nikakiona, nikakifungia. Nilijua chumvi haiozi. Nani alijua fedha ndiyo inayooza?"

Mdhamini wa makoti alicheka kwanza, halafu meza nzima. Rogge hakucheka, ila alivua miwani.

"Bi Spruit si mama wa nyumba," alisema, "na mama wa nyumba hakukigusa. Sharti halikutimia." Alitoa kalamu, akaandika kwenye kitabu cha kumbukumbu, akisema maneno kwa sauti kadiri alivyoyaandika: "Kidau kimepata vishimo kumi na tisa wakati mkazi mmoja alipokuwa akiuguzwa." Akakausha wino. "Mwakani tutaweka kibakuli cha kioo ndani yake. Bi Bakels, keti. Supu inapoa."

Trijn aliketi. Alikula bakuli mbili.

Baada ya chakula nilimfuata jikoni. Nimezoea kusema jambo likishathibitika, na hili lilikuwa limethibitika.

"Mwaka mzima sijakushukuru," nilimwambia.

"Uliniletea keki."

"Keki ilikuwa shukrani ya uji na kubadilisha mashuka. Hii ni ya siku uliyoacha kila kitu mezani. Asante, Trijn. Niko hai kwa sababu yako, na nafurahi kuwa hai. Sijawahi kulisema hilo kwa mtu yeyote."

Aligeuka kwenye beseni, mikono imejaa povu, akanitazama kana kwamba nimezungumza Kichina.

"Haya, nimesikia," alisema. "Sasa shika kitambaa hicho ukaushe uma. Na uma wa Aaltje urudishe majini, haujatakata."