Taji la Kutu au Wachukuzi wa Moto

Kabla Fundi hajaanza kupoteza skrubu, yeye na dada yake walikuwa na daftari. Lilikuwa daftari la kawaida la mistari, jalada limepauka, na kila ukurasa wake umegawanywa kwa rula mafungu matatu: hadithi, picha, mapigano. Kila gemu waliyoimaliza walikaa wakabishana mpaka ikapata alama zake, kila fungu kati ya kumi. Gemu za mpira na za magari hawakuzigusa. Zao zilikuwa zile ambazo unavaa maisha ya mtu mwingine: unampa jina, unamchagulia upanga au uchawi, unazunguka naye nchi nzima mkitafuta dawa ya mfalme au kaburi la mama yake, na kila jibu unalowapa watu njiani linabadilisha yatakayokukuta mbele. Kwa kuwa dada ndiye aliyeshika kalamu, Fundi alimbandika jina la Karani. Naye aliridhika nalo, maana alikuwa mtu wa maneno machache, na karani hatakiwi kusema sana.

Fundi alitengeneza simu katika kibanda kilichoegemea ukuta wa nyumba yao. Watu walimsifu kwa mkono mwepesi. Skrubu iliyo ndogo kuliko punje ya sukari aliiokota kwa kibanio huku akipiga soga na mteja. Basi zilipoanza kumpotea, moja leo, mbili kesho, alilaumu taa. Akabadilisha taa, akailaumu meza. Siku alipommwagia mteja chai mapajani kwa kuwa hakukiona kikombe kilichokuwa kando ya kiwiko chake mwenyewe, Karani alimshika mkono wakaenda kwa daktari wa macho.

"Ni presha ya macho," daktari alisema baada ya kumchungulia kwa mashine zake zote. "Inaiba kutoka pembeni, ndiyo maana mtu hashtuki. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia umebakiwa na katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Matone haya yatachelewesha. Hayatarudisha kitu."

"Yatachelewesha mpaka lini?"

"Miezi. Sitaki kukudanganya kwa kusema ni mingi."

Njiani Fundi alitoa sharti moja: mama aambiwe, mwingine yeyote asijue.

"Nani atamwachia simu yake fundi asiyeona? Halafu wataanza kuniamkia kwa sauti ya msibani. Apa, Karani."

Karani akaapa. Mama yao, mshonaji, alisikiliza habari ile mguu ukiwa bado juu ya kanyagio la cherehani. Aliuliza kama matone yanatakiwa kuwekwa mahali pa baridi. Swali lake likawa hilo tu.

Wiki ile ile, wakiwa wanaosha vyombo, Fundi akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe sabuni, "Nataka gemu moja ya mwisho. Moja nzuri. Tuchague vizuri."

Gemu walizitoa kwa Mjomba Diski, mzee mnene wa mtaa wa pili aliyekuwa na duka la kuazimisha. Kila nyumba iliazimishwa diski moja tu kwa wakati, na mzee alikuwa na sharti lake ambalo wateja wote walilijua. Yeye mwenyewe hakuwahi kumaliza gemu hata moja, maana dukani hakupumua, kwa hiyo ukitaka kurudisha diski na kuchukua nyingine, shurti kwanza umsimulie mwisho wake. Na huwezi kumpiga chenga, maana alishasikia miisho yote kwa wengine. "Wewe umeruka jangwa," angekwambia. "Rudi nayo ukamalize."

Rafuni kulikuwa na gemu mbili ambazo hawakuwahi kuzicheza. Mjomba Diski aliwaachia wazijaribu zote mbili, robo saa robo saa, na walipofika nyumbani Karani alifungua daftari ukurasa mpya, kwa mara ya kwanza akitoa alama kabla ya mchezo.

"Taji la Kutu," alianza. "Picha?"

"Kumi," Fundi alijibu hapo hapo. "Umeziona zile nyasi? Upepo ukipita zinalala upande mmoja kama manyoya ya paka. Na ule mlima nyuma. Kumi, na ningekuwa na kumi na moja ningeipa."

"Hadithi?"

"Mfalme kafa, taji limepotea. Hata mama angeitunga akiwa anashona. Nne."

"Mapigano?"

Mapigano ya Taji la Kutu yalikuwa ya papo kwa papo. Maadui walitokea kulia, kushoto na nyuma, na mchezaji alitakiwa kuruka na kukinga kwa wakati mmoja. Hata pale dukani alikuwa ameuawa mara tatu na mbwa yule yule, aliyekuwa akija kutoka upande ambao kwake haukuwapo tena.

"Mbwa yule ana chuki binafsi na mimi," alisema.

"Sasa Wachukuzi wa Moto," Karani aliendelea. "Mapigano ni ya zamu. Unapiga, unangoja, wanapiga. Hakuna anayekukimbiza. Hadithi, Mjomba anasema watu wazima wamelia dukani kwake wakisimulia mwisho. Na maneno yote yameandikwa chini, naweza kukusomea."

"Na picha?"

"Picha... si mbaya."

"Karani, ni mapango. Mapango na mishumaa. Nimetazama robo saa sijaona jani."

"Lakini hii tutaweza kucheza hata..." Alijiuma ulimi.

"Hata nikiwa sioni," Fundi akamalizia, bila hasira. Akakuna kidevu. "Nilidhani tunachagua gemu ya wakati huu ninaoona."

Karani alikuwa ameshapiga hesabu zake usiku mzima kitandani, na zote zilikuwa za miaka ile itakayokuja: kaka yake kitini, yeye akisoma, hadithi ikiwabeba. Macho yakamjaa machozi, na Fundi, ambaye tangu utoto hakuweza kuvumilia kumwona dada yake akilia, akapunga mkono.

"Haya, haya. Wachukuzi wa Moto. Usinimwagie machozi kwenye daftari."

Wakaiazima, wakaanza. Kila alasiri, kibanda kikishafungwa, walikaa mbele ya tivi ya sebuleni, Fundi karibu kabisa na skrini, Karani nyuma yake akisoma. Na hadithi ilikuwa nzuri kweli, hilo hakuna aliyebisha. Ilihusu watu wanaopokezana kaa la moto chini ya ardhi, kizazi hadi kizazi, bila kujua nani aliwatuma. Karani, aliyekuwa akiona haya hata kuitika darasani, aliwasemea wazee, watoto na wachawi, kila mmoja kwa sauti yake. Mama alizoea kusimamisha cherehani ili asikie.

"Yule mjane amepona?" angeuliza.

"Bado, mama. Fundi amemsahau mtoni."

"Sikumsahau, nilikuwa na shughuli," Fundi angejitetea.

Kwa mazoea yao hawakusogea mbele kabla ya kumaliza misheni zote za pembeni. Aliyeomba atafutiwe mbuzi alitafutiwa, aliyepoteza pete aliletewa. Wiki zikaenda. Tundu la ufunguo likazidi kuwa dogo. Kwanza Fundi aliacha kuona jina la adui lililoandikwa pembeni, kisha akaacha kuona mkono wa mhusika wake mwenyewe. Kibandani alianza kukataa simu ndogo ndogo. Aliwaambia wateja vipuri vimekwisha.

Wiki ya sita, katikati ya pango jingine, aliweka pedi ya kuchezea chini.

"Karani, nakuomba kitu. Nenda kabadilishe. Nipate japo siku chache za zile nyasi. Hii tutairudia baadaye, si umesema inafaa kusomewa? Baadaye nitakuwa na muda mpaka nikereke."

Alikwenda siku ile ile. Dukani kulikuwa na watu watano, na Mjomba Diski alikuwa amekaa juu ya kiti chake kirefu kama hakimu.

"Karani wangu," alimpokea. "Haya, nisimulie. Kaa linafika au halifiki?"

"Hatujamaliza, Mjomba. Nilitaka tu... kubadilisha."

"Hamjamaliza? Nyinyi? Nyinyi wa kutafuta mpaka mbuzi wa watu?" Alicheka, na duka zima likacheka naye. "Mmechoka na mapango. Kila mtu huchoka hapo. Vumilieni, mwisho wake ni dhahabu. Sharti ni sharti, mwanangu."

Karani alikuwa na sentensi moja tu ya kusema, kwamba kaka yake anapofuka. Aliipanga kinywani, akaigeuza, akaona nyuso tano zinamtazama. Mmoja wao alikuwa na simu iliyotengenezwa na Fundi mwezi uliopita. Akakumbuka kiapo. Akaona haya kumwomba mzee wakanong'one nje. Akasema ahsante, akarudi na diski mkobani.

"Amekataa," alimwambia kaka yake.

"Basi tuimalize haraka," Fundi alisema. "Mbuzi wa watu wajitafute."

Waliimaliza kwa siku kumi na tisa. Hawakuwa wakicheza tena, walikuwa wakikimbia. Karani alisoma mpaka sauti ikamkauka, akiruka mistari, na Fundi alibonyeza anapoambiwa abonyeze. Mwisho ulipofika, ule uliowaliza watu wazima, hakuna aliyelia. Karani alichukua diski ikiwa bado ina joto la mashine, akatoka karibu akikimbia.

Safari hii hapakuwa na mteja. Alimsimulia Mjomba Diski mwisho wote kwa pumzi moja: kaa linafika, lakini aliyelingoja alishakufa, na mchukuzi wa mwisho anakaa nalo mkononi mpaka linazimika.

"Umesimulia kama mtu anayefukuzwa," mzee alisema. "Kuna nini?"

Labda ni kwa sababu duka lilikuwa tupu. Karani akamwambia: presha ya macho, kiapo, zile nyasi.

Mjomba Diski alishuka kitini. Alichukua muda kushuka.

"Mwanangu, si ungesema tu? Lile sharti ni mzaha wangu wa kuchangamsha duka. Ningekupa zote mbili siku ile ile. Ningeileta mwenyewe kwa miguu yangu."

Karani alitikisa kichwa kama mtu anayeambiwa bei akiwa ameshalipa zaidi. Akapokea Taji la Kutu kwa mikono miwili.

Nyumbani jua lilikuwa bado juu. Mama alikuwa amepeleka nguo kwa mteja. Karani aliweka diski, akafunga mapazia ili mwanga usipige kwenye kioo, akamsogeza Fundi mpaka magoti yake yakagusa meza ya tivi. Gemu ikafunguka. Nyasi zikajaa skrini nzima, zikilala na kuinuka, na nyuma yake mlima, na juu ya mlima mawingu mazito. Mvua ikaanza kunyesha.

"Hapo sawa," Fundi alisema. "Hapo sasa."

Akasukuma pedi. Mhusika akatembea, akaacha njia, akapanda kijilima, akafika kwenye ukuta wa gofu lililobomoka, akaendelea kutembea pale pale, uso ukisugua mawe, miguu ikienda bila kwenda.

"Nzuri sana," Fundi alisema. "Kumi kweli."

Karani aliutazama ukuta uliojaa skrini, kijivu kitupu. Akamtazama kaka yake. Uso wake ulikuwa umeelekezwa kushoto kidogo ya tivi, kwenye kabati la vyombo.

"Tangu lini?" aliuliza.

Fundi aliendelea kusukuma pedi kidogo, kisha vidole vikatulia.

"Jumanne. Au Jumatatu jioni. Naona mwanga bado. Najua mahali dirisha lilipo."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unasoma vizuri. Nikasema labda kesho jicho litarudi kidogo." Akacheka kidogo kwa puani. "Haya, niambie. Nyasi zikoje?"

"Ni... za kijani."

"Kijani gani?"

"Kijani tu. Kuna upepo. Zinalala, halafu zinainuka." Alijaribu tena. Kwa wiki tisa alikuwa amesema maneno ya watu wengine mpaka mama akasimamisha cherehani, na sasa palipotakiwa maneno yake mwenyewe hakuna lililokuja. "Na mlima. Ni mkubwa."

"Mlima mkubwa," Fundi alirudia. Hakumdhihaki. Alimpa pedi, akiitafutia mkono wake hewani. "Cheza wewe. Usinieleze. Niache nisikie mvua."

Karani akamgeuza mhusika kutoka ukutani, akarudi naye njiani. Mvua ya gemu ilinyesha juu ya nyasi, juu ya ngao, juu ya maji yaliyotuama, na Fundi akasikiliza ameinamisha kichwa, viganja katikati ya magoti. Wakakaa hivyo. Karani hakujua anakokwenda, alifuata tu njia inayopanda.

Kisha mawingu yakaanza kupasuka. Sauti ya mvua ikapungua, ikakatika. Mwanga ukateremka mlimani polepole, ukashika bonde zima, kila jani likabeba tone lake, na mbali kabisa, mahali ambapo hata pale dukani hawakuonyeshwa, mto ukawaka kutoka mwanzo hadi mwisho. Karani akamsimamisha mhusika.

"Mbona kimya?" Fundi aliuliza.

"Mvua imekwisha."

"Sasa kuna nini?"

Alitazama kwa muda mrefu, midomo ikifunguka na kufungana.

"Hakuna kitu, kaka," alisema. "Jua tu."