Supu ya Waswidi

Mama alikuwa na siku nne bila kula. Nesi anayekuja nyumbani alituambia wazi: mrija wa kulishia ameukataa, kwa hiyo asipokula atakufa, tena upesi. Dada yangu Jacqueline, ambaye naye ni nesi, alikwenda kulia bafuni. Mimi nikamuuliza mama anataka nini.

Akasema anataka supu ya Waswidi.

Mama alipika kwenye nyumba ya wamisionari wa Kiswidi miaka ishirini na miwili, huko kwetu milimani. Supu hiyo haina nyama. Ni matunda makavu yaliyochemshwa na mdalasini na sago, zile punje nyeupe za wanga, wanaila baada ya chakula. Matunda yalikuja kwa sanduku kutoka kwao, mara moja kwa mwaka. Mama aliionja kwa ncha ya kijiko, kujua kama sukari imekolea. Bakuli zima hakuwahi kula. Hakuna aliyemkataza, alisema, na hakuna aliyemkaribisha.

Nikaenda dukani kwa Varsha, Kingsbury Road, hapa ughaibuni tunakoishi. Amezaliwa Tanga, Kiswahili chake kinapita changu. Alipoona plamu kavu, zabibu, aprikoti na sago, akacheka.

"Kaka Ulimboka, umesilimu? Mbona Ramadhani bado?"

Nikamwambia ni ya mama. Akaacha kucheka, akaniongezea mdalasini bila kupima.

Niliyaloweka matunda, kesho yake asubuhi nikayabandika. Mama aliniongoza kutoka kitandani, mlango ukiwa wazi. Nitie limau, si ndimu. Nisikoroge kwa nguvu, plamu zitapasuka. Sauti yake ilikuwa imerudi kidogo, nami nikafanya kosa la kuanza kuamini.

Kisha Jacqueline akaja na blenda. Tangu mama apate kiharusi, koo lake halimudu vipande, na hospitali waliandika kwamba kila chakula kisagwe kilainike. Nikamwambia mama anakufa hata hivyo. Akajibu kwamba mama hatakufa kwa kupaliwa mbele yake yeye, kwa kijiko alichokishika yeye mwenyewe. Tukasaga nusu.

Ilitoka kama uji wa ulezi uliolala. Jacqueline akamlisha kijiko kimoja. Mama akaishika mdomoni kidogo, akaitemea kwenye kitambaa.

"Hii siyo," alisema. "Supu iko wapi?"

Nikamletea ile ambayo haikusagwa. Nilishaamua kumpa, na Jacqueline aliona hivyo, akatazama dirishani. Mama akachukua kijiko kwa mkono wake mzima, akasogeza matunda pembeni.

"Sago bado nyeupe katikati. Rudisha jikoni."

Nikairudisha. Baada ya dakika kumi sago ikawa angavu, nikaileta tena. Aliikagua muda mrefu. Nikachota plamu moja, nikaipeleka mdomoni mwake. Akageuza uso.

"Imeiva," alisema. "Wapelekee mezani kabla haijapoa."

"Ni yako, mama."

"Wapelekee, Ulimboka. Wanasubiri."

Nikajaribu tena, na tena. Meno aliyabana. Jacqueline akanishika mkono, akaniambia basi.

Hakula kitu tena. Alikufa siku ya sita tangu aache kula, mchana, mimi nikiwa kazini. Ile supu niliimwaga kwenye sinki jioni ileile. Matunda yaliziba bomba, ikabidi niyatoe kwa mkono, moja moja.